Zamu yako ya kuleta fika kazini Uswidi: uoke bullar, kladdkaka au biskuti?

Ukiajiriwa Uswidi, iwe kwenye nyumba ya wazee, shule ya chekechea au kampuni ya kompyuta, hutachelewa kuona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji ya jikoni pale kazini. Ni orodha ya majina na tarehe za Ijumaa. Mwenye jina lake ndiye anayeleta cha kutafunia na kahawa siku hiyo kwa ajili ya fika, kikao cha kahawa cha Waswidi. Hakuna atakayekulaumu ukinunua dukani, na wengi hununua. Lakini kilichookwa nyumbani hupokewa kwa namna nyingine: watu huuliza nani kaoka, hukaa mezani zaidi, na mgeni ambaye alikuwa hajazoeana na wenzake hupata la kuzungumza. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uoke. Kazi ni kujua uoke nini.

Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili. Ukiwa na jioni nzima, oka kardemummabullar, vimkate vya iliki (bullar ni wingi wa bulle). Ukiwa na saa moja, oka kladdkaka, keki ya chokoleti inayonata. Kama huna oveni, au watoto wanang'ang'ania kusaidia, tengeneza chokladbollar, viduara vya oti na kakao visivyookwa. Biskuti ndogondogo ziwekee siku ya wageni wengi, na ile keki ya tabaka za krimu iliyofunikwa kwa lozi zilizosagwa na kutiwa rangi ya kijani, prinsesstårta, waachie wenye duka la keki.

Meza yenyewe

Fika, kwa "i" ndefu, ni kikao cha kahawa na kitu kitamu. Kazini huwa mara mbili kwa siku: saa tatu au saa nne asubuhi, kisha saa tisa alasiri. Sheria ya saa za kazi ya mwaka 1982 haiitaji fika kwa jina, ila inamtaka mwajiri apange kazi ili wafanyakazi wapate vipumziko vifupi wanapovihitaji, na vipumziko hivyo vinahesabiwa ndani ya saa za kazi. Bosi naye huja kukaa. Anayebaki na kikombe chake mbele ya kompyuta huonekana amejitenga, hata kama nia yake ni bidii ya kazi.

Kahawa haikukubaliwa kirahisi katika nchi hii. Tangu 1756 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1820 iliwahi kupigwa marufuku mara kadhaa. Marufuku yakashindwa, na karne ya 19 kahawa ikaingia kila nyumba. Akina mama wakaanza kualikana kwenye kafferep, karamu ya kahawa ya mchana, ambako heshima ya mwenye nyumba ilitazamwa kwa aina saba za vitafunio. Ukiandaa pungufu ya saba wewe bahili, ukizidisha, unajionyesha. Utaratibu wa kula nao ulijulikana: kwanza mkate mtamu wa hamira, halafu keki laini, mwisho biskuti kavu. Leo hakuna anayehesabu saba kwenye fika ya kazini, lakini makundi hayo matatu ndiyo yale yale utakayochagua kutoka kwake.

Mkate wa hamira: mdalasini au iliki?

Kanelbulle, kimkate cha mdalasini kilichoviringishwa, ndicho kinachojulikana zaidi duniani. Kina hata siku yake, tarehe 4 Oktoba, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Hembakningsrådet, baraza linalohimiza watu kuoka nyumbani. Kardemummabulle ni ndugu yake wa iliki. Wengi hudhani vinatofautiana kabisa, kumbe donge ni moja, na hilo donge lina iliki hata pale mjazo unapokuwa wa mdalasini. Ndiyo maana bulle ya mdalasini ya Uswidi haina ladha kama ya Marekani: chini ya mdalasini kuna iliki, na juu hakuna ule uji mzito wa sukari.

Donge kamili ni hili: maziwa desilita 5, hamira mbichi gramu 50 (kile kipande kimoja kinachouzwa kwenye friji za duka), siagi gramu 150, sukari desilita 1 na nusu, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki vijiko viwili vya chai, na unga wa ngano kama gramu 850. Unapata bullar 40 hivi za saizi ya kawaida. Kwa idara ya watu kumi, gawa kila kitu kwa mbili. Mapishi ya huku hupimwa kwa desilita, si kwa vikombe, kwa hiyo nunua ile seti ya vijiko vinne vya kupimia. Ni bei rahisi na utaitumia miaka. Desilita moja ya unga ni kama gramu 60.

Yeyusha siagi, mimina maziwa juu yake, pasha mpaka ukitia kidole usihisi moto wala baridi. Hiyo ndiyo nyuzi 37, na hamira mbichi inapenda hapo. Hamira kavu inataka moto zaidi, karibu nyuzi 45. Unga usiumalize wote mara moja. Donge zuri la bullar hunata kidogo vidoleni unapoanza kukanda, kisha baada ya dakika kumi hujiachia lenyewe kwenye bakuli. Ukiongeza unga mpaka likauke mikononi mwako, bullar zitatoka nzuri leo na kesho asubuhi zitakuwa ngumu. Aliyezoea kukanda mahamri anao mkono wa kazi hii tayari. Kinachobadilika ni kwamba hapa hakuna tui, donge linatakiwa kuwa laini zaidi, na mafuta yamo ndani badala ya kwenye karai.

Likishaumuka kwa nusu saa au dakika arubaini, ndipo njia zinapoachana.

Kwa mdalasini, sukuma donge liwe mstatili, paka siagi laini gramu 100, nyunyiza sukari desilita 1 iliyochanganywa na mdalasini vijiko viwili vya chakula. Viringisha, kata vipande vya sentimita mbili au tatu, kila kimoja kikae ndani ya kikombe chake cha karatasi. Acha viumuke tena nusu saa, paka yai, nyunyiza pärlsocker, ile sukari nyeupe ya chenga kubwa isiyoyeyuka kwenye moto. Oka nyuzi 225 hadi 250 kwa dakika tano mpaka nane. Tazama rangi kuliko saa, kwa sababu dakika moja ya ziada kwenye moto huo ni nyingi.

Kwa iliki kazi ni ya vidole. Mstatili wako uliopakwa siagi, sukari na iliki haukunjwi kuwa bomba. Unaukunja mara tatu kama barua, unausukuma tena kidogo, kisha unaukata vitepe vyembamba vya sentimita mbili. Shika kitepe ncha mbili, kisokote mpaka mistari ya mjazo ijitokeze nje, kizungushe mara mbili kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto, pitisha ncha iliyobaki juu katikati na uifiche chini. Kinachopatikana ni fundo. Vya kwanza hutoka pogo; endelea tu, kwa sababu kikiumuka na kuokwa mapengo mengi hujaa. Mara zinapotoka kwenye oveni, kabla mvuke haujaisha, zipake shira nyepesi ya maji na sukari kiasi sawa, kisha nyunyiza sukari yenye iliki.

Iliki yenyewe ndiyo inayoamua. Madukani kuna aina mbili: ya unga laini kabisa, na iliyopondwa kwa chenga, ambayo pakiti yake huandikwa stött. Ile laini inafaa kwenye donge. Kwa mjazo na kwa juu chukua ya chenga, au bora zaidi, nunua iliki nzima kwenye duka la vyakula vya Kiarabu au Kihindi, toa punje, uziponde mwenyewe kwenye kinu. Usizisage mpaka ziwe vumbi. Bulle ya iliki iliyotengenezwa vizuri ina vidoa vyeusi unavyoviona kwa macho, na ukiuma kimoja harufu hupanda mpaka puani. Iliki nyingi duniani hutoka Guatemala na India, lakini hata milima ya Usambara Mashariki inaitoa, na ndugu akitoka Tanga na kifuko chake usiimalizie yote kwenye chai.

Mdalasini nao una mambo yake. Ule wa kawaida wa duka la Uswidi ni wa aina iitwayo cassia, mkali na mtamu, na ndio Waswidi waliouzoea kwenye bulle. Mdalasini wa Zanzibar ni mwembamba zaidi wa ladha. Ukiutumia, ongeza kipimo, la sivyo siagi na sukari zitaumeza.

Sasa uchague ipi? Kanelbulle ni salama. Watoto wanaipenda, umbo lake likikosewa kikombe cha karatasi husaidia kuliweka sawa, na inaokwa haraka zaidi. Kikwazo chake ni kwamba kila Mswidi amekua na kanelbulle ya bibi yake, na yako italinganishwa na hiyo. Kardemummabulle inadai muda zaidi wa kusokota, lakini hulipa: shira huifanya ikae laini zaidi, inaonekana ya duka la mikate, na kwa mtu wa pwani ni ladha ambayo ulimi wake unaijua tangu utotoni, kwa hiyo anaweza kuonja mjazo na kujua kama iliki imetosha. Mkono wangu unakwenda kwa iliki kila mara.

Saizi iwe ndogo. Mtaa wa Haga kule Göteborg, Café Husaren huuza bulle kubwa kama sahani, na watalii hupiga foleni kuipiga picha. Nyumbani bulle kubwa huungua pembeni kabla katikati haijaiva, na kazini watu huona haya kuchukua ya pili.

Tena bullar zina faida moja ambayo keki nyingi hazina: zinagandishwa. Zikipoa kidogo, hata kama bado zina uvuguvugu, funga ndani ya mfuko na utie kwenye friza siku ile ile. Ukizitoa asubuhi ya Ijumaa, saa tatu ziko tayari, laini kama zilizookwa jana usiku. Kwa hiyo "sina muda katikati ya wiki" si sababu ya kutozioka, zioke Jumapili.

Chokoleti: ya oveni au ya friji?

Kladdkaka ni keki ya chokoleti yenye katikati inayonata. Haina hamira wala baking poda, na siri yake yote ni kuitoa kwenye oveni kabla hujaridhika. Yeyusha siagi gramu 100, ondoa motoni, koroga ndani yake sukari desilita 2 na nusu, mayai mawili, unga desilita 1 na nusu, kakao vijiko vinne vya chakula, sukari ya vanila kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo. Usipige kwa mashine. Hewa haitakiwi humu. Mimina kwenye chombo cha duara kilichopakwa siagi, oka nyuzi 175 kwa dakika kumi na tano hadi ishirini, sehemu ya chini ya oveni. Ukingo uwe umeshika na katikati itikisike. Itakaa sawa ikipoa.

Chokladbollar hazihitaji moto kabisa. Siagi laini gramu 100, sukari desilita 1, oti za uji desilita 3, kakao vijiko vitatu vya chakula, sukari ya vanila kijiko cha chai, na kahawa kali iliyopoa vijiko viwili vya chakula. Kanda kwa mkono, viringa, zungusha kwenye nazi kavu iliyokunwa au pärlsocker, weka kwenye friji. Mtoto wa miaka minne anaweza kufanya karibu kila hatua, ila kama ni za watoto tupu, badala ya kahawa tia maziwa.

Zote mbili zinatumia siagi gramu 100, na zote ni rahisi kuliko bullar. Tofauti inajitokeza mezani. Kladdkaka inataka kisu, sahani, vijiko, na haipendezi bila krimu iliyopigwa. Kwenye kazi ambayo watu hupokezana mezani dakika kumi kumi, vyombo hivyo vyote vitaoshwa na nani? Mara nyingi na wewe. Chokladboll huchukuliwa kwa mkono na mtu akaendelea na zamu yake. Kwa upande wa safari, kladdkaka husafiri ndani ya chombo chake kwenye basi bila kudhurika, na ikilala usiku kwenye friji huwa nzuri zaidi, ilhali chokladbollar hulegea kwenye joto la Julai.

Kwa ofisi tulivu, yenye sahani na mashine ya kuoshea vyombo, nachagua kladdkaka. Kwa wodi, kiwanda au bohari, chokladbollar.

Biskuti

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kwa fika ya Ijumaa biskuti mara nyingi si chaguo la kwanza. Hallongrottor ni biskuti laini zenye shimo la kidole gumba lililojazwa jemu ya rasiberi. Siagi gramu 200, sukari desilita 1, unga desilita 4 na nusu, baking poda kijiko cha chai, sukari ya vanila vijiko viwili; oka nyuzi 200 kama dakika kumi na mbili. Siagi ni mara mbili ya ile ya kladdkaka, na mtu hali moja, hula tatu. Drömmar ni nyeupe, kavu, zinazoyeyuka mdomoni, na wepesi wake unatokana na hjorthornssalt, chumvi ya amonia inayouzwa kwenye rafu ya vifaa vya kuokea. Wakati wa kuoka jikoni hunuka amonia kweli, kisha harufu huondoka yote. Usiionje donge bichi, wala usitie chumvi hiyo kwenye keki nene ambayo gesi haiwezi kutoka.

Nguvu ya biskuti ni kukaa. Kwenye kopo linalofunga vizuri hudumu wiki nzima na zaidi. Basi zina nafasi yake nyumbani: ukitarajia wageni ambao hujui watakuja lini, kopo la hallongrottor hukutoa aibu kuliko bulle yoyote.

Kalenda inaweza kukuchagulia

Kuna siku ambazo usiulize uoke nini. Jumanne ya kabla ya Kwaresima ni ya semla, kimkate cha iliki kilichokatwa kofia, kikajazwa lozi zilizosagwa na krimu. Mfalme Adolf Fredrik alifariki tarehe 12 Februari 1771 baada ya mlo mzito ulioishia kwa semla ndani ya maziwa ya moto, na Waswidi bado wanamsimulia kila mwaka wakiwa na semla mkononi. Tarehe 25 Machi ni waffle. Tarehe 13 Desemba, siku ya Lucia, ni lussekatter, mikate ya zafarani iliyopindwa kama herufi S na zabibu kavu kila upande.

Semla ni bora kuoka mikate mapema, ukaigandisha, krimu ukaitia kazini; ikijazwa nyumbani hufika imelowa. Lussekatter zina hatari ya kukauka, maana donge la zafarani hukauka upesi. Saga ile pakiti ya nusu gramu na sukari kidogo kwenye kinu, iloweke kwenye siagi ya moto, na usizidishe unga. Ukipata zamu katikati ya Desemba, hizi zinashinda zote nilizotaja.

Nani atakula?

Uliza kabla ya kuoka. Kwenye timu ya watu kumi huenda kuna asiyetumia laktosi, asiyekula gluteni, asiyekula kitu cha mnyama, na Mwislamu anayetaka kujua kilichomo. Bullar hubadilika kirahisi: maziwa ya oti na majarini ya mimea, acha kupaka yai, na hakuna atakayegundua. Maziwa na siagi zisizo na laktosi ziko katika kila duka. Chokladbollar hazina yai tangu mwanzo, na ukinunua oti zisizo na gluteni zinamfaa na yule asiyekula gluteni. Kladdkaka inategemea mayai yake mawili, kwa hiyo kuigeuza ni kazi zaidi. Kwa Waislamu, cha kutengeneza nyumbani ndicho cha uhakika: vile vitafunio vya kijani vyenye ncha za chokoleti viitwavyo dammsugare hutiwa ladha ya punsch, ambayo ni pombe, na keki za krimu za dukani baadhi huwa na jelatini. Soma pakiti. Shule nyingi pia hazitaki karanga na lozi, jambo linaloiondoa semla kabisa.

Kuhusu kahawa, Waswidi wengi hunywa ya kuchuja kwenye mashine, gramu 60 hivi kwa lita moja ya maji, na hujaza kikombe cha pili bila kuuliza. Kahawa ya Kenya iliyokaangwa kidogo, yenye uchachu wake, inakwenda na iliki vizuri mno. Kladdkaka inataka iliyokaangwa zaidi. Kaskazini, Norrland, bado wapo wanaochemsha kahawa ya chenga ndani ya birika na kuacha itulie, na mtu wa pwani atajisikia yuko kwao.

Kama ni zamu yako ya kwanza na bado huna uhakika, oka nusu kipimo cha kardemummabullar Jumapili, gandisha, zitoe Ijumaa alfajiri, zipange kwenye sahani moja kubwa bila kuzibebanisha. Kando ya sahani weka kikaratasi chenye maneno ya Kiswidi ya vilivyomo: vete (ngano), mjölk (maziwa), smör (siagi), kardemumma (iliki). Watakaohitaji kukisoma watakisoma, nawe hutakuwa na haja ya kueleza mara kumi kwa lugha ambayo bado unajifunza.